Fisi ni Fisi: Wanyama wa Nyanda za Juu Kusini katika Masimulizi na katika Vipeperushi

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyepitia somo la fasihi simulizi analijua jibu hili hata akiamshwa usingizini: Sungura anawakilisha wanyonge wenye akili, Fisi anawakilisha walafi, Simba ni mtawala dhalimu, na Tembo ni mwenye nguvu asiye na hekima. Jibu hilo lina alama zake katika mtihani, nami sina ugomvi na alama. Ninachogombea ni kile kinachoachwa nje ya jibu. Tangu sekondari, tuliposomeshwa Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967, tumezoezwa kuamini kwamba mnyama akifungua mdomo ndani ya fasihi, basi anayesema ni binadamu. Mnyama ni vazi tu. Mhakiki kazi yake ni kulivua na kumtaja aliyelivaa.

Makala haya yanayahoji mazoea hayo kwa kutumia mifano kutoka Mbeya na Iringa. Ninaposema Iringa nakusudia Iringa ile ya zamani, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012. Ni eneo lenye hifadhi za taifa za Ruaha na Kitulo, sehemu ya milima ya Udzungwa, na msitu wa Mlima Rungwe. Wageni wanakuja huko kutazama wanyama na maua. Wenyeji wamekuwa wakisimulia habari za wanyama hao hao tangu enzi na enzi. Kwa hiyo tuna aina mbili za matini juu ya viumbe wale wale: masimulizi ya wenyeji, na vipeperushi vinavyowaalika watalii.

Hoja yangu ni moja. Tumezoea kuyasoma masimulizi kama ubunifu mtupu, na kuvisoma vipeperushi kama taarifa tupu. Mambo yaliyotokea Nyanda za Juu Kusini yanatudai tubadilishane miwani: simulizi tuitafutie pia taarifa iliyomo, na kipeperushi tukihakiki pia kama kazi ya kubuni, yenye msimulizi, wahusika, mandhari na mambo yaliyonyamaziwa.

Kipunji, au kasoro ya kitenzi "gundua"

Mwanzoni mwa mwaka 2003 watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakifanya kazi kuzunguka Mlima Rungwe. Katika mazungumzo na wenyeji walisikia habari za kima mmoja mwenye haya, asiyependa kuonekana, ambaye kwa Kinyakyusa anaitwa kipunji. Hapo likatokea tatizo ambalo sisi wanafasihi tungepaswa kulichangamkia. Wanyakyusa wana hazina kubwa ya masimulizi ya msituni, na ndani yake wanyama wa kweli na viumbe wa kimizimu wanaishi pamoja bila mpaka. Sasa kipunji yuko upande gani? Ni nyama au ni hadithi? Watafiti walisita, na kwa kweli walikuwa na haki ya kusita. Mpaka Desemba mwaka huo ndipo walipomwona vizuri: kima wa rangi ya kahawia, manyoya marefu, kishungi kichwani.

Julai 2004 kundi jingine la watafiti, likifanya kazi kivyake, likamwona kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, kilomita kama 350 kutoka Rungwe. Mwaka 2005 makundi hayo mawili yalitangaza habari hizo kwa pamoja katika jarida la Science. Mwaka 2006 ikaonekana hata jenasi hana, akatungiwa yake mpya: Rungwecebus. Afrika ilikuwa haijapata jenasi mpya ya kima tangu mwaka 1923. Si mchezo.

Hebu tuiangalie sentensi inayorudiwa kila mahali: "Kipunji aligunduliwa mwaka 2003." Mwanafunzi wa sarufi ataona upesi kwamba kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa na mtenda ameachwa. Aligunduliwa na nani? Tena ndani ya sentensi hiyo hiyo kuna nomino inayokipinga kitenzi. Kiumbe ambaye hajagunduliwa hana jina, lakini huyu amekuja na jina lake mkononi, na hilo jina ni la Kinyakyusa. Kitenzi kinasema hakuna aliyekuwa akimjua. Nomino inasema wapo. Sentensi nzima inajigomba yenyewe, na bado tunaipitisha kana kwamba ni taarifa safi.

Lakini tusiwacheke wanasayansi. Wao walau waliingia msituni kuhakikisha. Tujiulize sisi tungefanyaje. Tuseme mwanafunzi mwenzetu amekwenda Rungwe mwaka 2000 na redio ya kurekodia, akarudi na kanda ya mzee anayesimulia habari za kipunji. Sote tunaijua sentensi ambayo angeiandika: "Kipunji ni mhusika wa kubuni anayewakilisha hofu ya binadamu mbele ya msitu." Angepata alama nzuri kabisa. Na kima angeendelea kula majani na matunda yake juu ya miti, hana habari kwamba amekuwa ishara.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1979, upande wa mashariki wa Udzungwa, katika msitu wa Sanje, watafiti walisikia mlio wa kima wasioutambua. Mwenyeji aliyekuwa nao aliutambua. Kima huyo, ambaye leo anaitwa mangabei wa Sanje, akaelezwa kisayansi mwaka 1981. Mara mbili, basi, katika safu moja ya milima na jirani zake, elimu ya mdomo ilitangulia elimu ya kitabu.

Hapa tahadhari inahitajika, maana nisije nikaambiwa nahubiri kwamba kila zimwi la hadithini limejificha kichakani likingoja kupigwa picha. La hasha. Kusimulia siyo kuhesabu. Ni hesabu ya watafiti, iliyochapishwa mwaka 2008 ikikadiria kipunji 1,117 tu, iliyoonyesha kwamba kima huyu yuko ukingoni mwa kutoweka. Hakuna ngano ingeweza kutoa tarakimu hiyo. Tena wenyeji waliokuwa wakimjua kipunji ndio hao hao waliokuwa wakimwinda na kumtegea anapoingia mashambani mwao kula mahindi. Kumjua mnyama siyo lazima kumpenda. Ninachodai ni kidogo zaidi, na kwa maoni yangu hakikwepeki: utanzu mmoja unaweza kubeba ubunifu na taarifa kwa pamoja, na mhakiki anayeitupa taarifa ili abaki na ishara ameihakiki nusu ya matini.

Simba wa Njombe: masimulizi mawili, chanzo kimoja

Mfano wa pili ni mzito zaidi kwa sababu una damu. Kati ya mwaka 1932 na 1947 simba walikula watu katika wilaya ya Njombe. Bwana nyama aliyetumwa kuwamaliza, Mwingereza George Rushby, alikadiria kwamba waliokufa walifika 1,500. Yeye mwenyewe aliwaua simba 15, na habari hizo amezieleza katika kitabu chake No More the Tusker, kilichotoka mwaka 1965.

Habari hii ina masimulizi mawili. La kwanza, ambalo Rushby mwenyewe alilikuta kwa wenyeji, linasema simba wale hawakuwa simba wa kawaida. Walikuwa wakitumwa na mtu aliyevuliwa madaraka na serikali ya kikoloni, na wasingetulia mpaka arudishiwe cheo chake. Watu waliogopa hata kuwataja kwa sauti. La pili ni maelezo ya kisayansi yanayotajwa mara nyingi: ili kuzuia ugonjwa wa sotoka usisambae kwa ng'ombe, serikali iliwaua kwa wingi wanyama wa porini katika eneo lile, simba wakakosa mawindo yao, wakageukia watu.

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Wanging'ombe, na habari za simba hao alizipata kwa mama yake. Nilipokuwa nakusanya data za kazi ya somo nilimwomba anisimulie ngano pia, akanipa ya Fisi na mazishi. Alipomaliza nikamwuliza swali la kidarasa, eti Fisi huyu anamwakilisha chifu wa zamani? Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Mjukuu wangu, fisi ni fisi. Chifu tulikuwa tunamsema kwa jina lake." Kisha akaniuliza kama chuoni kuna mtu aliyewahi kusikia fisi akilia usiku karibu na kaburi bichi. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi kwanza wasikie."

Kauli ya bibi si nadharia, lakini inatufundisha kuyasoma masimulizi ya simba. Mhakiki wa kawaida angesema simulizi la wenyeji ni ushirikina wenye ujumbe uliofichika: simba anawakilisha utawala. Lakini simba wa Njombe hawakuwakilisha mtu. Walikula watu. Aliyesimulia habari zao alikuwa akijaribu kueleza kwa nini, jambo ambalo ni kazi ya historia kabla ya kuwa kazi ya ishara.

Sasa yaweke masimulizi mawili pamoja uyatazame muundo wake. Yote yanaanza na hali ya kawaida. Yote yanaleta tendo la serikali linaloivuruga hali hiyo: katika moja mtu anang'olewa kwenye cheo, katika jingine wanyama wanafyekwa. Yote yanafuatisha maafa. Yanatofautiana kuhusu njia iliyounganisha tendo na maafa, kwani moja linataja uchawi na jingine njaa ya simba. Lakini kuhusu chanzo yanakubaliana: simba ni matokeo, chanzo kiko ofisini. Ukilitupa simulizi la wenyeji kwenye kapu la ushirikina, umetupa pia ushahidi kwamba wanakijiji wa miaka ya 1940 walishaelewa kuwa balaa lao lilikuwa na asili ya kiutawala. Na ukiligeuza kuwa ishara tupu, simba anapotea na maiti zinapotea pamoja naye.

Kipeperushi kama kazi ya kubuni

Tugeukie matini ya aina ya pili. Mkononi nina kipeperushi cha rangi nilichokiokota mjini Iringa, kinachowaalika wageni kuitembelea Ruaha. Sitaitaja kampuni iliyokitoa, maana vingi vinafanana na ukisoma kimoja umesoma kumi. Tukichambue kwa vigezo vyetu vya kawaida.

Msimulizi: hajulikani, haonekani, anajua yote. Wakati: hauna tarehe, ni sasa ya milele ambayo jua halimalizi kuzama. Wahusika: tembo, simba, mbwa mwitu, tandala wakubwa na tandala wadogo, palahala na korongo, pamoja na mgeni mmoja mwenye darubini. Mandhari: mibuyu, mto, na pori "lisiloguswa". Wenyeji: hawamo. Kama wamo, basi wako ukurasa wa mwisho wanacheza ngoma.

Niseme wazi kwamba orodha ya wanyama ni ya kweli. Ruaha iko mahali ambapo miombo ya kusini inakutana na vichaka vikavu vya kaskazini, ndiyo maana tandala wa aina zote mbili wanapatikana katika hifadhi moja. Kinachobuniwa ni hilo neno "lisiloguswa". Eneo hilo liligeuzwa pori la akiba na Wajerumani mwaka 1910 kwa jina la Saba. Waingereza wakaliita Rungwa mwaka 1946. Mwaka 1964 sehemu ya kusini ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2008 likaongezwa bonde la Usangu na eneo lake oevu la Ihefu, hifadhi ikapita kilomita za mraba 20,000. Kabla ya tarehe zote hizo hapa palikuwa na Wahehe na Wasangu, na nchi ambayo Mkwawa aliipigania mpaka Kalenga ilipoanguka mwaka 1894 na yeye mwenyewe kufa mwaka 1898. Hata jina Ruaha linaelezwa kuwa linatokana na neno la Kihehe, luvaha, yaani mto. Pori lenye jina la Kihehe na mipaka iliyochorwa na serikali tatu limeguswa sana tu.

Sasa tazama picha ya katikati ya kipeperushi. Viboko wamesongamana katika dimbwi dogo, migongo imegusana, mamba wamelala pembeni. Maelezo chini yake yanasifu msimu wa kiangazi kwamba ndio bora kwa kutazama wanyama, kwa kuwa wanajikusanya penye maji. Maelezo hayo hayana uongo. Lakini yananyamaza. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Viboko wale wamesongamana kwa sababu mto umesimama. Kinachouzwa kama tamasha ni upungufu. Nani kati yetu angesoma shairi lenye ukimya mkubwa kiasi hicho asiuandikie hata aya moja?

Na ukimya huo una gharama. Mto ulipokauka palihitajika maelezo, na maelezo yalihitaji mhalifu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Ihefu na Usangu pamoja na mifugo yao, baadhi wakasukumwa mpaka mikoa ya Lindi na Pwani. Hoja iliyotolewa ni kwamba ng'ombe wao ndio waliokausha mto. Baadhi ya watafiti walionyesha kidole mahali pengine: maji yanayochepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga kule juu, hasa wakati wa kiangazi. Mhakiki wa fasihi hana kipimo cha maji, na sitajifanya mtaalamu wa mito. Lakini mhakiki ana kipimo cha wahusika. Katika simulizi lililoenea magazetini mfugaji alitokea kama mhusika bapa: ni mlafi, haridhiki, kila anapopita pamebaki vumbi. Tunamjua huyo. Ni Fisi. Ni yule yule wa jibu letu la mtihani.

Hapo ndipo mazoea yetu ya darasani yanapoacha kuwa mchezo. Tukijizoeza kumtoa mnyama ndani ya ngozi yake ili tumweke binadamu, siku moja tunamtoa binadamu ndani ya historia yake na kumvisha ile ngozi. Mtu aliyevishwa ngozi ya Fisi haulizwi ametoka wapi, amesukumwa na nani, wala maji mengine yamekwenda wapi. Hadithi imeshamhukumu.

Bustani ya nani?

Mfano wa mwisho ni mfupi. Uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 ukiwa na kilomita za mraba zipatazo 413, una majina mengi. Wakoloni waliuita Elton, kwa kumkumbuka balozi mdogo wa Kiingereza aliyepita huko mwaka 1877. Watalaamu wa mimea wanauita Serengeti ya Maua. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Katika jina la kwanza kuna mpita njia. Jina la pili ni tashbihi ya kibiashara: unaambiwa mahali hapa panafanana na mahali ulipokwisha kulipia. Jina la tatu ndilo pekee lenye mwenye mali, na mwenye mali huyo si kampuni wala mtu yeyote.

Vipeperushi vimelipenda sana jina hili la tatu, lakini vimeliazima bila maana yake yote. Bustani ya watu wa kule si ya kutazama tu. Kuna okidi za aina 45 Kitulo, na viazi vya baadhi ya okidi za Nyanda za Juu Kusini vimekuwa vikichimbwa na kuvushwa mpaka kwenda Zambia, ambako vinapikwa chakula kinachoitwa chikanda. Biashara hiyo iliharibu kwa kasi, na hifadhi ilikuwa na sababu ya kuizuia. Lakini anayeliazima neno "bustani" huku akiwaficha walaji wake ameazima mapambo na kuiacha habari.

Hitimisho

Sipendekezi tuache kusema kwamba Sungura ni mnyonge mwenye akili. Mara nyingi ni kweli, na watambaji wenyewe wanajua wanachofanya. Ninapendekeza tusianzie hapo. Tunapokwenda kukusanya masimulizi, tuandike jina la mnyama kwa lugha ya msimulizi kabla ya kulitafsiri kwa Kiswahili. Tuulize anaishi wapi, analia vipi, anakula nini, nani alimwona mara ya mwisho. Tuandike majibu hata kama hayaingii kwenye safu za fani na maudhui. Watambaji wanaoweza kujibu maswali hayo wanazidi kupungua, na kila jina la mnyama lililogeuzwa kuwa "kima fulani" katika madaftari yetu halitarudi tena.

Na vipeperushi navyo viingie darasani. Viwekwe mezani sawa na riwaya, viulizwe maswali yale yale: nani anasimulia, kwa manufaa ya nani, na nani hayumo pichani. Kama wahadhiri wetu wanatafuta swali la mtihani ujao, mimi ninalo: "Viboko wamesongamana dimbwini. Jadili mto ulikokwenda." Nangoja majibu katika toleo lijalo, hasa ya wale watakaonipinga.